Ukuta uliompa Eddie Robinson wachezaji

Mwaka 1941 Eddie Robinson alikuwa kijana wa miaka 22 mwenye shahada ya chuo, ndoa changa, na kibarua kwenye kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge kilichomlipa senti 25 kwa saa. Alichotaka ni kuwa kocha wa mpira wa Kimarekani. Kwa kijana mweusi wa Louisiana ya wakati ule, ukocha ulipatikana kwenye shule za weusi peke yake, na shule hizo hazikuwa nyingi. Habari ya nafasi ikamfikia kupitia ndugu wa mkewe: kuna chuo kidogo huko kaskazini mwa jimbo, kwenye misitu ya misonobari karibu na mji wa Ruston, kinatafuta kocha. Mshahara dola 63.75 kwa mwezi. Akaenda. Aliondoka kwenye kazi hiyo mwaka 1997.

Sisi tuliozoea kuona kocha akipokewa uwanja wa ndege kwa ngoma mwezi wa nane, na kufikia Desemba ameshafungashiwa virago, tuisome mara mbili hiyo miaka. Kuanzia 1941 hadi 1997, mwajiri mmoja. Mwenyewe alipenda kusema rekodi yake ya kweli ni kuwa na kazi moja na mke mmoja. Mke huyo, Bi Doris, alimwoa mwaka uleule wa 1941.

Nimekuwa nikisoma habari zake kwa muda sasa, na kila ninapofika mahali pa kumsifu nakutana na jambo linalonikwamisha. Nitalisema huko mbele. Kwanza tumwone akiwa mchezaji.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima pamba kwenye shamba la mtu kwa kugawana mazao, mama yake alifanya kazi za ndani. Familia ikahamia Baton Rouge, ambako kuna chuo kikuu cha jimbo, LSU, chenye uwanja mkubwa na timu inayopendwa hadi leo. Kijana Eddie aliipenda pia, lakini kuichezea lilikuwa jambo lisilowezekana kwa rangi yake. Akaenda Leland, chuo cha Wabaptisti weusi kilichokuwa jirani, akacheza nafasi ya kwotabeki. Katika misimu miwili ya mwisho Leland ilishinda mechi 18 na kupoteza moja.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu: kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira mwanzoni mwa kila shambulizi. Ndani ya sekunde tatu au nne, huku majitu ya kilo 120 yakimkimbilia, anaamua kama ampe mwenzake akimbie nao, au aurushe mbali, na kwa nani. Lazima ajue kazi yake na kazi za wenzake wote kumi. Ndiyo maana makocha wengi wametokea nafasi hiyo. Na ndiyo maana pia, kwa miongo mingi, ligi ya kulipwa iliwanyima weusi nafasi hiyohiyo. Kukimbia mnaweza, waliambiwa, kukaba mnaweza. Kuongoza waachieni wengine. Mchezaji mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni alifika kwenye timu ya kulipwa akapewa kazi nyingine. Robinson aliijua nafasi ile kwa mikono yake mwenyewe, na jambo hilo, nadhani, hakulisahau hata siku moja.

Chuo alichokwenda kilikuwa na jina refu kupita kiasi: Louisiana Negro Normal and Industrial Institute. Inasimuliwa kwamba washangiliaji wakianza kulitamka jina zima kuihimiza timu ikabe, kabla hawajafika mwisho wapinzani walishafunga. Mwaka 1946 kikaitwa Grambling, jina la kijiji chenyewe. Kilianzishwa mwaka 1901 na wakulima weusi wa pale waliotaka watoto wao wasome, na rais wake, Ralph Waldo Emerson Jones, alikuwa mtu wa kujitwisha kila kitu, hata timu ya besiboli ya chuo aliifundisha mwenyewe.

Kwa hiyo Robinson hakushangaa alipoambiwa kwamba ukocha maana yake ni kila kazi. Alifyeka nyasi za uwanja. Alichora mistari ya chokaa. Aliwafunga wachezaji bandeji za vifundo vya miguu. Alifundisha mpira wa kikapu pia. Mechi ikiisha, aliandika taarifa yake mwenyewe na kuipeleka magazetini. Timu iliposafiri, vyakula vilifungwa kutoka chuoni, kwa sababu mikahawa mingi ya njiani isingewahudumia. Wachezaji wakubwa wa miraba minne walikula mikate ndani ya basi, kando ya barabara kuu, kwenye nchi yao.

Msimu wa kwanza: ushindi tatu, vipigo vitano. Msimu wa pili, 1942, walicheza mechi tisa wakashinda zote tisa, na hakuna timu hata moja iliyopata pointi dhidi yao. Mwaka mzima, sifuri. Halafu vita ikawachukua vijana, na mwaka 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu. Robinson akafundisha vijana wa sekondari ya palepale. Kuna kisa cha baba mmoja aliyewazuia wanawe wawili wasicheze kwa sababu pamba ilikuwa bado shambani. Kocha hakwenda kugombana naye, aliipeleka timu nzima shambani, wakachuma pamba mpaka ikaisha, kisha akaondoka na wachezaji wake. Mtoto wa mkulima wa pamba angemjibu vipi mkulima wa pamba?

Mlango wa ligi ya kulipwa ulifunguliwa na mtu aliyeitwa Paul Younger, ambaye kila mtu alimwita Tank, yaani kifaru cha vita. Mwaka 1949 timu ya Los Angeles Rams ilimsajili bila hata kumteua kwenye siku ya kuchagua wachezaji wapya, akawa wa kwanza kutoka chuo cha weusi kucheza NFL. Kabla hajaondoka, Robinson alimweka chini. Alimwambia kwamba akishindwa, mabwana wale watasema wamemchukua aliye bora kuliko wote kwenye vyuo vya weusi, na huyo bora ameshindwa, basi hakuna haja ya kurudi tena kutafuta. Mzigo gani huo wa kumtwisha mtu anayekwenda kutafuta kazi! Younger akacheza misimu kumi, na akatwaa ubingwa na Rams mwaka 1951.

Baada yake njia ikawa wazi. Buck Buchanan alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika AFL, ligi nyingine ya kulipwa ya wakati ule, mwaka 1963. Willie Davis akaenda kuwa nguzo ya ulinzi wa Green Bay. Willie Brown, Charlie Joiner. Hao wanne wote wamo kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo kule Canton, Ohio. Kwa jumla zaidi ya wachezaji 200 waliopita mikononi mwa Robinson walifika kwenye mpira wa kulipwa. Ukitazama ramani na kukiona hicho kijiji cha Grambling, unaanza kujiuliza walikuwa wanakunywa maji gani.

Jibu la kweli halina miujiza, na ndilo lile jambo nililosema linanikwamisha. Walikuwa wanakuja Grambling kwa sababu hawakuruhusiwa kwenda kwingine. Louisiana, Mississippi, Alabama, Texas: vijana weusi wenye vipaji katika majimbo yote hayo walizibiwa milango ya vyuo vikubwa vya kizungu vya nyumbani kwao. Bonde zima la vipaji lilielekezwa kwenye vyuo vichache vya weusi, na katika hivyo, kocha mwenye bidii kuliko wote alikuwa Robinson. Alikuwa pia na mtu mmoja hodari, Collie Nicholson, aliyekuwa msemaji wa michezo wa chuo, ambaye aliandika taarifa za Grambling na kuzisambaza kwenye magazeti ya weusi nchi nzima, mpaka jina likawa kubwa kuliko chuo chenyewe. Mwaka 1968 walicheza na Morgan State, chuo kingine cha weusi, kwenye uwanja wa Yankee, New York, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Walipoteza 9–7, ila nani alikumbuka matokeo? Mwaka 1976 timu hizohizo mbili zilikwenda kucheza Tokyo.

Alikuwa mwalimu wa aina ya zamani. Asubuhi alipita kwenye mabweni akipiga kengele ya ng'ombe, mlango kwa mlango, kuhakikisha wachezaji wameamka kwenda darasani. Safarini walivaa koti na tai. Aliwafundisha kushika uma na kisu, na namna ya kuongea na waandishi wa habari. Shahada yake mwenyewe ya uzamili aliifuata mbali, Chuo Kikuu cha Iowa, akaimaliza mwaka 1954. Mbinu zake uwanjani hazikuwa za ajabu: alishikilia mpangilio wa Wing-T miaka na miaka, wakati wengine wanabadili mitindo kila msimu, na akaurudia mazoezini hadi mchezaji aweze kuucheza amelala.

Naishi Dallas, na hapa ndipo pana uwanja wa Cotton Bowl, ndani ya viwanja vya maonyesho ya jimbo. Kila mwaka wakati wa maonyesho hayo Grambling hucheza na Prairie View, chuo cha weusi cha Texas. Mwaka wa kwanza nilipelekwa na mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja ghalani, mtu wa Louisiana. Mimi nilitaka kuinuka wakati wa mapumziko nikanunue chakula kama nilivyozoea kwenye mpira wetu. Akanishika mkono. "Kaa chini, kijana. Chakula kinanunuliwa watu wakiwa wanacheza." Bendi ikaingia, na nikaelewa. Hiyo bendi ya Grambling ilipiga kwenye mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa kulipwa, ya kwanza kabisa, mwaka 1967, na nathubutu kusema nusu ya uwanja siku ile walikuja kwa ajili ya matarumbeta.

Mzee yule ndiye aliyenionyesha upande wa jukwaa aliokaa tarehe 5 Oktoba 1985. Siku hiyo Grambling iliifunga Prairie View 27–7 kwenye uwanja huohuo, na Robinson akafikisha ushindi wa 324. Rekodi iliyovunjwa, ya kocha wa chuo mwenye ushindi mwingi kuliko wote, ilikuwa ya Paul Bryant wa Chuo Kikuu cha Alabama, maarufu kwa jina la Bear, dubu, kwa sababu utotoni alikubali kupigana mieleka na dubu wa maonyesho.

Hawa wawili ningependa kuwaweka kwenye meza moja. Bryant naye alizaliwa fukara, huko Moro Bottom, Arkansas, mwaka 1913. Naye alikuwa mchezaji kwanza: alikuwemo kwenye kikosi cha Alabama kilichoshinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, siku ya mwaka mpya ya 1935, na msimu uliofuata alicheza dhidi ya Tennessee akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika. Wote wawili walikuwa wana wa Kusini, watu wa mashambani, wakali wa nidhamu, na wote wawili hawakujua kufanya kitu kingine chochote maishani. Bryant alistaafu mwisho wa 1982 akiwa na ushindi 323, na wiki nne baadaye akafariki. Timu zao hazikukutana hata mara moja.

Robinson alipoikaribia rekodi ile, walijitokeza watu wa kusema kwamba ushindi wake haulingani na wa Bryant, kwa sababu alicheza na vyuo vidogo. Hoja hiyo ingali inatajwa, na kila nikiisikia damu inanichemka kidogo. Nani alikataa kucheza na nani? Si Grambling iliyoandika sheria zile. Mtu humfungii ndani ya ua, halafu ukamcheka kwamba hajawahi kushinda nje ya ua.

Lakini ukuta ulianza kubomoka, na uliangukia upande ambao wengi hawakuutazamia. Tarehe 12 Septemba 1970, timu ya USC kutoka California, ikiwa na Sam Cunningham, mkimbiaji mweusi, ilikwenda Birmingham ikaifunga Alabama ya Bryant 42–21. Watu hupenda kusema mechi hiyo ndiyo iliyoubadilisha mpira wa Kusini. Inapendeza kusimuliwa hivyo, ila wakati ule Bryant alikuwa ameshamsajili mchezaji mweusi, Wilbur Jackson, ambaye bado hakuwa na ruhusa ya kucheza kwa kuwa ni wa mwaka wa kwanza. Mwaka 1971 John Mitchell akaichezea Alabama. Vyuo vingine vikafuata mmoja baada ya mwingine. Ndani ya miaka kumi, kijana ambaye zamani asingekuwa na njia ila Grambling, sasa alikuwa anagombewa na LSU, Alabama na Texas, vyuo vyenye viwanja vya watu 70,000 na mechi zake zinaonekana kwenye televisheni.

Robinson alitaka hayo yatokee. Alitumia maisha yake akiandaa vijana kwa ajili ya nchi ambayo ingewapokea. Nchi ilipowapokea, ilimnyang'anya wachezaji. Hakuwalalamikia. Sijui kama mimi ningeweza.

Kuna waliomwona mpole mno kwa nchi hiyo. Hakuandamana. Alikuwa mzalendo wa wazi, aliyezungumza kuhusu Marekani kwa mapenzi hata wakati watu wake wanafukuzwa kwenye mikahawa. Mwaka 1967 wanafunzi wa Grambling wenyewe walifanya mgomo, wakidai chuo kinautukuza mpira na kuyaacha masomo nyuma. Walikuwa na hoja. Chuo kikijulikana dunia nzima kwa timu na bendi, mwanafunzi wa kemia ana haki ya kuuliza maabara iko wapi. Robinson mwenyewe alieleza kwamba maisha yake yote aliambiwa asome wapi, amfundishe nani, acheze na nani, na kwamba yeye alifanya aliloweza ndani ya mfumo huo.

Aliloweza kuliko yote, kwa macho yangu, ni makwotabeki. Miaka ya sitini alimwandaa James Harris kwa kusudi moja, awe kwotabeki kwenye ligi ya kulipwa na asikubali kuhamishiwa nafasi nyingine. Siku ya kuchagua wachezaji wapya timu zikamkwepa hadi raundi ya nane. Buffalo wakamchukua, na mwaka 1969 akaanza mechi ya ufunguzi wa msimu katika nafasi hiyo, mweusi wa kwanza wa zama hizi kufanya hivyo. Kisha akaja Doug Williams, aliyechaguliwa raundi ya kwanza mwaka 1978. Tarehe 31 Januari 1988, mjini San Diego, Williams aliiongoza Washington kuifunga Denver 42–10 kwenye Super Bowl. Katika robo ya pili peke yake alirusha pasi nne za tachidauni, yaani za kufunga. Alimaliza na yadi 340 na tuzo ya mchezaji bora, kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl. Robinson alikuwa na miaka 68, karibu 69. Kijana wa Leland, ambaye mwaka 1941 hakuna timu ya kulipwa ingempigia simu, alikuwa amefika kwa miguu ya mwanafunzi wake.

Miaka ya mwisho naipita haraka, kwa kuwa inaniuma. Mwaka 1995 alifikisha ushindi wa 400, na hadi siku hiyo hakuna kocha wa chuo aliyekuwa amefika hapo. Msimu huohuo ulimalizika kwa vipigo vingi kuliko ushindi, uliofuata ukawa mbaya zaidi, na chuo kikaingia matatani na chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Mwishoni mwa 1996 walitaka kumwondoa. Watu wakapiga kelele, gavana akaingilia, akapewa msimu mmoja wa kuagia, nao akaushinda mara tatu na kupoteza mara nane. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya wapinzani wa jadi, chuo cha Southern, kwenye Bayou Classic, mechi yao ya kila mwaka kule New Orleans. Wakafungwa 30–7. Angeondoka mapema ingekuwaje? Wapo wanaosema alikaa mno, na hesabu zinawaunga mkono. Jumla yake: ushindi 408, vipigo 165, sare 15.

Aliyerithi nafasi ni Doug Williams, ambaye alitwaa ubingwa wa ukanda wao wa SWAC mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 2000. Robinson akapatwa na ugonjwa wa Alzheimer, akafariki mjini Ruston tarehe 3 Aprili 2007.

Tuzo ya kocha bora wa vyuo vya daraja la Grambling, lililo chini ya lile la vyuo vikubwa, ambayo ilianza mwaka 1987, inaitwa kwa jina lake. Mwaka 2021 ilikwenda kwa Deion Sanders, nyota wa zamani wa Florida State na wa NFL, aliyekuwa kocha wa Jackson State, chuo cha weusi cha Mississippi. Mwishoni mwa mwaka huo alifanya jambo lililowashangaza wote: alimshawishi Travis Hunter, kijana aliyekuwa akigombewa na vyuo vyote vikubwa, aje kwake. Kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi, mtu wa kiwango hicho alikuwa na njia zote mbele yake na akaichagua ile ya zamani. Watu wakaanza kusema siku za Grambling zinarudi.

Desemba 2022 Sanders akaenda Colorado, mojawapo ya vyuo vikubwa, na Hunter akamfuata. Mitandaoni walimtukana, wakamwita msaliti, wengi wakilitaja jina la Robinson kama fimbo ya kumchapia. Mimi sikuona usaliti. Sanders alikuwa na simu ambayo Robinson, katika ubora wake, mwaka 1955 au 1965, hakupigiwa na chuo chochote kikubwa cha Kusini. Ningependa sana kujua angejibu nini.